Valvu ya mama imeanza kuvuja tena baada ya kurekebishwa: je, lazima apasuliwe mara ya pili?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54, tunaishi Tanga. Mwaka 2013 alipelekwa India, valvu yake ya mitral iliyoharibiwa na homa ya rumatiki tangu utotoni ikarekebishwa na kuwekewa pete. Akakaa vizuri miaka mingi, anauza vitenge vyake, anapanda ngazi bila taabu. Tangu mwaka jana pumzi zinamkatika, usiku analalia mito mitatu, na jioni miguu inavimba. Kipimo cha eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) kimeonyesha valvu inavuja sana. Daktari wetu anasema huenda akahitaji kupasuliwa tena. Mama amekataa katakata, anasema kifua hakifunguliwi mara mbili. Kaka yangu aliyeko Muscat ametuma video ya klipu inayopitishwa pajani, mgonjwa anarudi nyumbani siku ya tatu. Shangazi naye anauliza kwa nini asiwekewe puto kama binti wa jirani. Je, daktari wa India alikosea? Klipu hiyo itamfaa mama? Na tukisubiri kuna hatari gani?"

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole yangu, na umwambie kwamba hofu yake naielewa. Mtu aliyewahi kuamka na mirija kifuani, akajifunza upya kukohoa huku amekumbatia mto, ana haki ya kusema sitaki tena. Kwa hiyo sitaanza na kumshawishi. Nitaanza na jambo ambalo naona limerukwa katika mazungumzo yenu yote, maana kila mmoja anabishania njia ya kuingia moyoni, kifua au paja, na hakuna aliyeuliza valvu inavuja kwa sababu gani. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua njia.

Hebu fikiria ile milango ya mbao ya mabawa mawili kwenye nyumba za kale za Pangani. Valvu ya mitral imejengwa hivyohivyo: mabawa mawili, fremu inayoyashika, na kamba nyembamba zinazoyazuia yasipinduke kuelekea upande wa pili. Imekaa kati ya chemba ya juu kushoto, inayopokea damu kutoka mapafuni, na chemba ya chini kushoto, inayoisukuma damu mwili mzima. Chemba ya chini ikijikaza, mabawa hukutana katikati na kuubana mlango. Yasipokutana, sehemu ya damu hurudi juu. Chemba ya juu inajaa, mapafu yanarudishiwa shinikizo, na mgonjwa akilala chali anahisi kama anazama. Mito mitatu ya mama ina maana hiyo. Mwili wake umegundua wenyewe kwamba akiinuka kidogo, maji hushuka kutoka mapafuni.

Pete aliyowekewa ni ya kukaza fremu. Ufundi huu uliasisiwa na Alain Carpentier huko Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1960, na hadi leo ndio msingi wa kurekebisha valvu ya mitral duniani kote. Fremu iliyotanuka hurudishwa kwenye umbo lake, mabawa yakakaribiana. Lakini pete haiponyi mabawa yenyewe. Homa ya rumatiki huanzia kwenye madonda ya koo ya utotoni, kinga ya mwili ikachanganyikiwa na kuishambulia valvu. Kovu linalobaki huendelea kukomaa polepole kwa miaka mingi, mabawa yakawa manene, mafupi na magumu, mfano wa mbao iliyonyeshewa ikapigwa jua mpaka ikajikunja. Ndiyo sababu valvu ya rumatiki iliyorekebishwa hurudi kusumbua mara nyingi kuliko valvu iliyoharibika kwa sababu nyingine.

Kwa hiyo kuhusu daktari wa India: kwa maelezo yako sioni dalili ya kosa. Alimrudishia mama zaidi ya miaka kumi ya kupanda ngazi na kuuza vitenge, akiwa na valvu yake mwenyewe. Kwa valvu ya rumatiki, hayo ni matokeo mazuri, na mama asiyaone kama kazi iliyoharibika.

Sasa, kovu si sababu pekee. Inawezekana nyuzi zilizoshonea pete zimeachia upande mmoja, damu ikapita pembeni ya pete badala ya kupita katikati ya mabawa. Inawezekana kamba moja imekatika. Inawezekana chemba ya chini imetanuka, ikayavuta mabawa chini hata yasiweze kukutana. Au kuna maambukizi yaliyojibanza kwenye pete, na hili la mwisho ndilo ninalotaka litafutwe kabla ya yote, kwa sababu hakuna fundi anayeweka kifaa kipya juu ya usaha. Maambukizi hutibiwa kwanza kwa dawa za mshipani, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na wakati mwingine huhitaji upasuaji mkubwa hata kama mgonjwa hakuupenda. Mama akiwahi kupata homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku au kukonda bila sababu, daktari wake alijue hilo wiki hii, na damu ichukuliwe kuoteshwa maabara kutafuta vijidudu kabla hajapewa dozi yoyote ya antibiotiki.

Neno "inavuja sana" kwenye karatasi ya eko halitutoshi. Siku ya kipimo, muombe daktari akuonyeshe skrini. Utaona damu inayorudi ikichomoza kama mwali wa rangi zilizochanganyika, bluu, njano na nyekundu, kila moyo unapojikaza. Muulize: mwali huu unaanzia ndani ya pete au nje yake? Unachomoza mahali pamoja au urefu wote wa mlango? Na mlango ukifunguka unafunguka wote, au umebana pia? Kwa kipimo cha juu ya kifua ni vigumu kujibu vizuri, maana pete hutia kivuli kwenye picha. Mama atahitaji eko ya kupitia koo: mrija wenye kamera ya mawimbi ya sauti humezwa mpaka nyuma ya moyo, akiwa amepewa dawa ya usingizi mwepesi. Si kipimo cha kufurahisha, lakini ndicho kitakachoamua mengi yaliyobaki.

Nije kwenye puto la shangazi. Puto ni tiba nzuri sana, na kwa valvu za rumatiki hapa kwetu limewaokoa wengi. Mjapani Kanji Inoue ndiye aliyelianzisha kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1982. Lakini puto hutanua mlango uliobana. Binti wa jirani bila shaka valvu yake ilikuwa imeshikana, haifunguki. Ya mama haifungiki. Ukipuliza puto ndani ya valvu inayovuja sana, unaongeza uvujaji. Mueleze shangazi kwa upole kwamba dawa ni moja, ugonjwa ni mwingine.

Klipu ya kaka yako inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu video ile haisemi uongo, ila haimhusu mama. Miaka ya 1990 mwanzoni, daktari wa upasuaji wa Milano aitwaye Ottavio Alfieri alianza kuyashona mabawa mawili kwa mshono mmoja katikati. Mlango ukabaki na nafasi mbili ndogo kushoto na kulia, damu ikaendelea kupita, na uvujaji ukapungua. Klipu inafanya kazi ya mshono huo bila kufungua kifua. Mgonjwa wa kwanza aliwekewa mwaka 2003. Mrija huingizwa kwenye mshipa wa paja, unapanda hadi upande wa kulia wa moyo, unatoboa ukuta mwembamba kuingia kushoto, kisha klipu inashushwa na kuyabana mabawa kama kibanio cha nguo. Yote hufanyika katika chumba cha mtambo wa kathlabu, daktari akiongozwa na eksirei na eko ya koo, mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi.

Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili kubwa kuhusu klipu. Moja, iliyoitwa COAPT, ilifuatilia wagonjwa 614 huko Marekani na Kanada: baada ya miaka miwili waliofariki walikuwa 29 kwa kila 100 waliowekewa klipu, dhidi ya 46 kwa kila 100 waliotumia dawa peke yake. Ya pili, MITRA-FR ya Ufaransa yenye wagonjwa 304, haikuona tofauti yoyote. Kifaa kilikuwa kilekile, matokeo yakapishana, na maelezo ambayo wengi wetu tunayakubali ni kwamba wagonjwa waliochaguliwa hawakufanana. Tena wote hao walikuwa watu ambao mabawa ya valvu zao ni mazima na laini. Kilichochoka ni msuli wa moyo. Klipu inahitaji kitambaa laini cha kushika na mlango mpana, kwa kawaida zaidi ya sentimita nne za mraba, ili ukishabanwa katikati damu bado ipite. Mama ana mabawa yenye makovu, ndani ya pete ambayo tayari imeupunguza mlango. Ukibana katikati, unaweza kuuondoa uvujaji ukamwachia mlango uliobana, na pumzi zikakatika vilevile. Sisemi haiwezekani kabisa. Iwapo eko ya koo itaonyesha kwamba tatizo ni kamba iliyokatika mahali pamoja, na mlango uliobaki ni mpana, klipu inaweza kujadiliwa. Lakini kwa valvu ya rumatiki iliyokwisha kuwekewa pete, mara nyingi jibu ni hapana, na ni afadhali uisikie leo kuliko baada ya kuuza kiwanja. Bei ya vifaa hivi, kabla hata ya gharama za hospitali, hufika makumi ya maelfu ya dola.

Kama uvujaji uko nje ya pete, hadithi inabadilika. Hapo kuna kizibo kidogo cha nyavu za waya kinachopitishwa kwenye mrija uleule na kufunguka ndani ya tundu, kikaliziba. Uvujaji wa aina hii una alama yake: damu ikipenya kwa kasi kwenye upenyo mwembamba, chembe nyekundu hupasuka. Mgonjwa anapungukiwa damu bila kutoka damu popote, macho yanakuwa ya manjano, na mkojo wa asubuhi unakuwa na rangi ya chai ya rangi. Muulize mama kuhusu mkojo wake. Wazazi wetu hawasemi mambo hayo mpaka waulizwe.

Njia ya tatu ya kupitia paja ni kuweka valvu mpya kabisa ndani ya pete ile ya zamani. Valvu hiyo imetengenezwa kwa ngozi ya moyo wa ng'ombe, ikakunjwa juu ya puto ndani ya fremu ya chuma, na ikifika mahali pake puto linapulizwa, fremu inafunguka na kujikaza kwenye pete. Ni mwendelezo wa kazi aliyoianza Alain Cribier mjini Rouen mwezi Aprili 2002, alipoweka valvu ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, kwa mara ya kwanza bila kufungua kifua. Kwa mama, hii ndiyo njia ya mrija ninayoiona yenye mantiki zaidi kuichunguza.

Ina mitego yake. Valvu mpya ni duara, na pete nyingi za mitral zina umbo la herufi D. Nyingine hazizunguki mlango wote, nyingine ni laini kama utepe, hazitoi ukingo mgumu wa valvu kujishikilia. Duara likikaa ndani ya D, hubaki upenyo wa kuvuja pembeni. Kubwa zaidi, fremu mpya inalisukuma bawa la mbele la valvu ya zamani kuelekea njia ya damu ya kwenda kwenye aota, na njia hiyo ikizibwa, mgonjwa anaweza kufia mezani. Ndiyo maana kabla ya kazi hii lazima kifanyike kipimo cha CT cha moyo, watu wakae na kompyuta wapime milimita baada ya milimita.

Nikupe takwimu kama zilivyo. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2019 ilikusanya wagonjwa 521 wa vituo mbalimbali. Waliowekewa valvu ndani ya valvu bandia ya zamani, karibu 6 kwa kila 100 walifariki ndani ya siku 30. Waliowekewa ndani ya pete, kama mama yako angewekewa, walikuwa karibu 10 kwa kila 100, na baada ya mwaka mmoja karibu 31 kwa kila 100. Wengi wao walikuwa wazee na wagonjwa sana, watu waliokwisha kukataliwa na madaktari wa upasuaji, kwa hiyo usiichukue namba hiyo ukambandika mama mwenye miaka 54. Lakini inatosha kukuonyesha kwamba tundu dogo pajani halimaanishi hatari ndogo moyoni.

Sasa upasuaji wa pili. Mama amesema kifua hakifunguliwi mara mbili, na hili nalisikia sana kliniki. Kinafunguliwa. Ni kigumu zaidi, kweli: moyo huwa umegandana na mfupa wa kifua kwa makovu, na daktari hufungua taratibu sana, mashine ya kuusaidia moyo ikiwa tayari pembeni. Kutoka damu kunaongezeka, na siku za ICU huongezeka. Hata hivyo kwa mtu wa umri wake, kama figo zinafanya kazi, mapafu hayajachoka na msuli wa moyo bado una nguvu, upasuaji wa pili wa kuondoa pete na kuweka valvu mpya mara nyingi ndio unaompa miaka mingi zaidi. Valvu ya chuma hudumu miongo, kwa sharti la kunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote. Valvu ya ng'ombe au nguruwe hudumu miaka 10 hadi 15 hivi. Ina faida moja ambayo hukuiuliza: ikichoka, valvu nyingine inaweza kuingizwa ndani yake kwa mrija, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa na matokeo bora katika takwimu nilizokupa. Kwa hiyo kukubali kupasuliwa sasa kunaweza kumfungulia mama njia ya paja huko mbele, akiwa na miaka sitini na kitu.

Nikiulizwa leo, kwa maelezo haya tu, ningeweka upasuaji wa pili kwanza, valvu ndani ya pete ya pili kama upasuaji una hatari kubwa kwake, na klipu mbali nyuma. Nimewahi kubadili mawazo baada ya kuona picha, na niko tayari kubadili tena.

Kuhusu kusubiri. Moyo unaovuja hudanganya. Kwa kuwa damu nyingine inapita njia rahisi ya kurudi juu, kipimo cha nguvu ya moyo, yaani asilimia ya damu ambayo chemba ya chini inaitoa kila inapojikaza, huonekana kizuri hata pale msuli umeanza kuchoka. Asilimia 60 ya mama mwenye valvu inayovuja si sawa na asilimia 60 yako wewe. Ikianza kushuka chini ya hapo, au chemba ya chini ikitanuka, tunakuwa tumechelewa kidogo. Kwa hiyo miezi michache ya kupima na kupanga vizuri ni sawa. Mwaka wa kuchanga huku mkitumaini dawa zitatosha, hapana. Dawa za kukojoza zitampunguzia maji na atalala, na ni muhimu azinywe, lakini haziuzibi mlango.

Wakati mnasubiri, mpimeni uzito kila asubuhi kabla ya chai. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, ni maji, mpelekeni. Kama mapigo yake hayana mpangilio na anatumia wafarini, INR yake, kipimo cha kasi ya damu kuganda, ikae kati ya 2 na 3. Mchicha na kisamvu hajakatazwa, ale kiasi kilekile kila wiki, asifululize siku tatu kisha akaacha mwezi. Diklofenaki ya magoti aiache kabisa: inabakiza maji mwilini, na ikikutana na wafarini damu inaweza kutoka tumboni. Sindano ya penisilini ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, kama bado anachomwa, asiiache kwa uamuzi wake. Jino likihitaji kung'olewa, daktari wa meno aambiwe kwanza kwamba kuna pete moyoni, ampe antibiotiki kabla.

Akiamka usiku anatweta na hawezi kukaa hata kitako, akikohoa povu lenye rangi ya waridi, akizimia, mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, msisubiri siku ya kliniki. Hospitali ya karibu, saa ileile.

Ombeni barua ya rufaa kwenda mahali ambapo daktari wa moyo na daktari wa upasuaji wanakaa meza moja kuijadili kesi. Kwa Tanzania, pa kuanzia ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Wanafungua vifua na wana kathlabu. Popote mtakapoambiwa kwamba valvu itawekwa ndani ya pete, iwe nchini au nje, ulizeni bila aibu: kazi hii hasa, ndani ya pete, mmeifanya mara ngapi? Nani atakuwepo kama kifua kitahitaji kufunguliwa ghafla?

Na leo jioni, kabla ya yote, tafuteni makaratasi ya 2013. Mgonjwa wangu mmoja aliletwa na kijana wake akiwa na mfuko wa nailoni ulionuka dawa ya mende, umekaa chini ya kanga kabatini miaka tisa. Ndani mlikuwa na kikadi kidogo chenye stika: jina la pete, na namba 28. Jina lile na namba ile vilituambia umbo la pete, upana wake, na ni valvu ya saizi gani ingeweza kuingia. Mama naye bila shaka alipewa kikadi cha namna hiyo. Kisipoonekana, iandikieni hospitali ya India barua pepe mkitaja jina lake kamili, mwaka, na namba ya faili iliyo kwenye karatasi yoyote mliyonayo, muombe ripoti ya upasuaji. Ikifika, mpeni daktari wenu nakala, na nyingine ibaki kwenye simu yako.